Figo Itazikwa Wapi

Karo za kaburi langu nilizinunua wakati bado nabeba gunia la mpunga peke yangu. Ni zile karo nyeupe za kung'aa, vigae ambavyo wenye uwezo wanavibandika sakafuni. Nilizipanga nyuma ya nyumba yangu hapa Uvira, nikazifunika na turubai, na mtu akiuliza ni za kazi gani namjibu: za kitanda changu cha mwisho. Wengine walisema najiitia kifo. Waseme. Mtu aliyefukuzwa shule darasa la pili, aliyeanza maisha kwa kubeba mizigo ya wengine kutoka Kiringye mpaka mjini, ana haki ya kuchagua mahali pa kulala. Kiwanja hiki nilikinunua kwa mgongo wangu. Nyumba niliijenga, vita ikaibomoa, nikaijenga tena. Mashine yangu ya kwanza ya kukoboa mpunga waliibeba wenye bunduki. Ya pili niliifungua vipande vipande nikaifukia ndani ya rundo la pumba, wakapita pembeni yake wakitafuta kuku. Sikumlilia mtu. Nilijisemea tu: nitalala katika udongo wangu mwenyewe, na juu yangu patang'aa.

Halafu mafigo yangu yakafa.

Ilikuwa tansiyo, shinikizo la damu, ile inayotembea na mtu miaka mingi bila kumpigia hodi. Miguu ilivimba mpaka viatu vikakataa. Kila chakula kikawa na ladha ya msumari. Daktari wa ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, alinitazama machoni akasema mafigo yote mawili yamekauka na hayatarudi. Nikamuuliza ni jambo la dawa gani. Akasema si la dawa, ni la mashine.

Nikamwambia mashine nazijua.

Hiyo sikuijua. Wanaiita dialize. Mara mbili kwa wiki navuka mpaka asubuhi na karatasi yangu ya kuvukia, napanda bisi, nafika, napimwa uzito. Wanaingiza sindano mbili nene mkononi. Damu inatoka kwa bomba moja, inazunguka ndani ya mashine, inarudi kwa bomba lingine, na weye umelala hapo nusu ya siku ukiitazama damu yako ikitembea nje yako. Halafu wanakupima uzito tena. Kazi yake niliielewa siku ya kwanza bila mtu kunieleza: mpunga unaingia, mchele unatoka, pumba zinabaki. Tofauti ni moja. Mchele ukishatoka mashineni haurudi kuwa mpunga. Minye kila baada ya siku chache nilikuwa mpunga tena.

Na kiu. Wagonjwa wa dialize hawaongei sana juu ya sindano, wanaongea juu ya kiu. Mkojo umekatika, kwa hiyo kila unachokunywa kinabaki ndani, na kikizidi kinapanda kwenye mapafu, unazama ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Nilipewa kikombe kidogo asubuhi na kikombe kidogo jioni. Naishi kando ya ziwa ambalo macho hayafiki mwisho wake upande wa kusini, na nilikuwa nasukutua mdomo na kutema. Maharage hapana. Ndizi hapana, nyanya hapana, dagaa za chumvi hapana. Sombe, majani ya muhogo, inachemshwa, maji yanamwagwa, inachemshwa tena, mpaka inabaki kitu cha kumpa mbuzi. Mke wangu alikwisha kufa. Binti yangu ndiye alikuwa ananipikia, na yeye alikula jikoni, mlango umefungwa, ili nisione anakula nini. Harufu haifungwi na mlango. Sikumwambia.

Daktari alisema kuna njia nyingine. Mtu wa damu yako anatoa figo moja, inapandikizwa ndani yako, na mashine unaiaga. Hiyo inafanyika mbali, India, na maandalizi yake ni marefu. Watoto wangu wawili walipimwa. Damu ya kijana ilikataa. Binti aligundulika yeye mwenyewe ana sukari. Siku hiyo tuliporudi kutoka ng'ambo, yeye ndiye aliyelia, kama vile amenikosea.

Habari ikafika Kiringye, kule bondeni, kwa mdogo wangu.

Sisi tulizaliwa wawili tu kwa mama yetu. Minye niliondoka, yeye akabaki na jembe la baba. Hakutaka biashara. Nilimwita mara nyingi aje ashike mashine pamoja na minye, akasema mashine ina kelele, haisikii mtu akiisalimia. Kazi yake, mbali na shamba lake, ilikuwa kugawa maji. Kule mpunga unanyweshwa kwa mfereji, na kila shamba lina zamu yake. Yeye ndiye alikuwa anafungua na kufunga, shamba la huyu kisha la yule, kwa jembe na matope. Kazi ya kutukanwa na kila mtu. Aliifanya miaka yote na hakuna aliyemchukia.

Alifika na baiskeli, jogoo amefungwa nyuma, jogoo ambaye sikuruhusiwa kuonja zaidi ya kipande kimoja. Hakunipa pole. Alikamata mkono wangu wa kushoto, pale daktari aliponiunganishia mishipa kwa ajili ya sindano. Pale panavuma muda wote, ukigusa unasikia kama nyuki ndani ya mzinga. Aliweka sikio.

"Yaya," akasema, maana kwetu ndivyo ndugu mkubwa anavyoitwa, "naisikia. Ni mashine yako ya mpunga. Umeificha humu ndani, safari hii hawataipata."

Binti yangu akacheka mpaka akaegemea mlango. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka.

"Niko na mbili," mdogo wangu akaendelea. "Sijawahi kuziona, lakini wanasema ziko mbili. Chukua moja."

"Weye usiongee kama mtu anayegawa mihogo."

"Mihogo nauza. Hii nakupa."

Tukavuka pamoja. Walimtoa damu mara nyingi, wakamtia ndani ya mashine za picha, wakamwambia akusanye mkojo wake wa siku nzima ndani ya chupa. Alinionyesha hiyo chupa kwa majivuno, mbele ya watu: "Angalia, yaya. Utajiri." Minye nikageuka pembeni. Nilikuwa nimekwisha kusahau ilivyo.

Daktari akakaa naye peke yao, mlango umefungwa. Ni desturi yao, wanataka kujua kama mtu anatoa kwa moyo wake. Ndani ya bisi ya kurudi nikamuuliza walizungumza nini.

"Ameuliza kama umeninunua."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, huyu? Huyu kwa kopo moja la dagaa anabishana mpaka muuzaji anataka kulia. Kama alikuwa ananunua figo, angetafuta kwanza iliyolala sokoni siku mbili, apunguziwe."

"Daktari akacheka?"

"Hakucheka. Ameandika."

Wiki chache baadaye majibu yakatoka: damu zetu zinakubaliana. Daktari alisema hata kwa ndugu wa tumbo moja si kila siku anaona namna hiyo. Minye nilitaka tuanze safari kesho yake. Mdogo wangu akasema hapana, jambo hili lipite kwanza nyumbani. Na kweli, kwetu mwili wa mtu si wake peke yake. Ng'ombe hatoki kwenye ukoo bila watu kukaa chini, sembuse figo.

Tukakaa Kiringye, nyuma ya nyumba ya baba, kwenye migomba. Shangazi yetu alikuwepo, dada ya baba, ndiye pekee aliyebaki katika umri ule. Meno yamekwisha kabisa, lakini ulimi ungali mzima. Muke wa mdogo wangu alikuwepo. Huyo ni Murundi wa palepale bondeni, mtu wa maneno machache, anayekusikiliza huku mikono yake ikifanya kazi nyingine. Siku hiyo alikuwa anachambua mchele. Nilieleza yote: mashine, India, operesheni, kwamba mtu anaishi vizuri na figo moja, kwamba daktari ameapa. Watu wakaitika. Nikadhani imekwisha.

Yeye akaweka ungo chini.

"Shemeji, niko na swali moja tu. Hii figo, siku weye utakufa, itazikwa wapi?"

Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Itazikwa na minye. Si itakuwa ndani yangu?"

"Njo maana nauliza. Weye uko na kaburi yako Uvira, ya karo, kila mtu anaijua. Huyu bwana yangu atazikwa hapa kwa baba yake. Basi siku ya kufufuka, yeye atasimama hapa, na kipande chake kitakuwa kinamuita kutoka Uvira?"

Nikamgeukia shangazi nikitegemea atamnyamazisha. Nilimtegemea vibaya.

"Muke amesema," akasema shangazi. "Vitovu vyenu vyote viwili nilivizika minye na mkono wangu, pale, kwenye shina lile. Baba yenu alipokatwa kidole na panga, kidole kilizikwa hapa, na yeye akakifuata hapa. Kitu cha mtu kinamngoja nyumbani. Hakiendi kulala mjini kwa watu."

"Shangazi, kidole kilikuwa hakina kazi tena. Hii figo itakuwa inafanya kazi."

"Na weye, baba, siku utaacha kufanya kazi?"

Shangazi akagonga ardhi kwa kiganja.

"Ulale hapa," akasema. "Kando yake. Kipande kitakuwa karibu na mwenyewe, hata kikitaka kurudi hakitapotea njia."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Niliwaambia sikuvunja mgongo miaka yote ile kununua udongo wangu ili mwisho nikalale katika udongo wa kupewa. Shangazi akanitazama kwa utulivu.

"Huu hukupewa. Huu uliukimbia."

Mdogo wangu alikuwa ameinama, anamenya utete kutengeneza mrija wa pombe. Akasema bila kuinua kichwa: "Mumuache yaya. Nampa bila sharti."

"Weye unampa bila sharti," akajibu muke wake. "Minye siko weye."

Nilimtazama yule mwanamke vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Hakuwa anagombana. Alikuwa anaogopa, na amekataa kuogopa kimyakimya. Hakuniomba chochote kingine, si shamba, si ng'ombe. Alitaka tu mume wake azikwe mzima.

"Sawa," nikasema. "Nitalala hapa. Lakini nakuja na karo zangu."

"Lete," akasema shangazi. "Hata panya watafurahi, watakuwa wanajitazama."

Hapo sasa watu wote wakacheka. Wakaleta kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na mrija mmoja. Kwetu neno likishanywewa hivyo, kibuyu kimoja na mrija mmoja, haligeuzwi. Mdogo wangu akanywa, akanipa. Nilivuta mara moja. Sijui kama nitaweza kueleza ladha ya kile kinywaji kwa mtu asiyejua kiu. Nilikishika mdomoni kama mtu anayeogopa kumeza pesa.

"Basi, yaya," mdogo wangu akasema, akinyang'anya mrija. "Hiyo ilikuwa kikombe chako cha jioni."

Maandalizi yakaanza kweli. Meno yangu mabovu yakang'olewa yote, maana daktari alisema ukishapewa figo mpya unameza dawa za kuzuia mwili usipigane nayo, na mwili uliofungwa mikono hata jino linaweza kuuua. Shangazi akasikia, akasema sasa tumefanana. Nilichomwa chanjo za watoto. Moyo wangu ulipimwa, mapafu yakapimwa. Mdogo wangu alipiga picha ya pasipoti amevaa koti langu, na kwa vile yeye alikuwa mwembamba, mpiga picha alilibana mgongoni na vibanio vya nguo. Kwenye picha anaonekana mtu mkubwa wa serikali. Niko nayo.

Mashine ya mpunga niliiuza. Sitaongea sana juu ya hilo. Walipoipakia nilishika mkanda wake, halafu nikauachilia.

Kilichobaki kilikuwa kungoja tarehe. Daktari alimweleza mdogo wangu kwamba baada ya operesheni, miezi kadhaa hatashika jembe, hatainua gunia, hatachimba. Niliona uso wake ukibadilika. Alikuwa hajaogopa kisu, sasa aliogopa mapumziko. Mpunga wake ulikuwa umeanza kuinamisha kichwa.

"Mpunga haungoji figo, yaya," akaniambia pale kwenye njia ya bisi. "Niende nivune. Nikirudi kutoka India nitakuwa kama bibi harusi, mtu wa kuletewa maji. Muke hawezi kuvuna peke yake."

"Nenda. Lakini harakisha."

"Nitakuja na mchele mpya. Daktari amekukataza mchele?"

"Hajakataza."

"Mungu yupo basi."

Akapanda.

Vita ilitoka kaskazini, upande wa Kamanyola. Sisi wa Uvira tunaijua kwa barabara. Kwanza bisi zinakuja zimejaa na zinarudi tupu. Kisha watu kwa miguu, magodoro kichwani. Kisha barabara inanyamaza, na hiyo ndiyo mbaya. Simu za bondeni zikakatika. Nilikuwa napiga namba ya mdogo wangu asubuhi, mchana, jioni, nikimsikia yule mwanamke wa ndani ya simu akiniambia kwa Kifaransa maneno nisiyoyajua ila niliyaelewa.

Halafu wakafunga mpaka.

Watu wakisikia mpaka umefungwa wanafikiri bidhaa. Minye nilifikiri damu yangu. Siku ya mashine ikapita, na ya pili ikapita. Nililala nimeegemea ukuta kwa sababu nikilala chali maji yalinipanda kifuani. Binti yangu alificha mtungi wa maji chumbani kwake. Milio ya bunduki ilikuwa inasikika kutoka milimani, na minye kilichokuwa kinanisumbua ni sauti ya jirani akimimina maji kwenye ndoo.

Katikati ya siku hizo wakaingia uani shangazi na muke wa mdogo wangu. Shangazi alikuwa amekalishwa kwenye baiskeli, ile ya mdogo wangu, inasukumwa. Muke alikuwa na gunia kichwani. Alilitua mbele yangu polepole, kama anaogopa kuliumiza.

"Shemeji, mpunga huu ameuvuna yeye mwenyewe."

"Yeye yuko wapi?"

"Keti," akasema shangazi.

"Shangazi, nimeketi. Siku hizi niko nimeketi wakati wote."

Kwetu mgonjwa hapewi habari ya kifo. Inazungushwa, inafichwa jikoni, anaambiwa fulani amesafiri. Walikuwa wamepatana njiani kunificha. Lakini muke alishindwa. Alisema yote amesimama, mikono imening'inia, bila kulia, kwa sababu machozi yake yaliishia njiani. Walikuwa wamevuna karibu shamba lote. Waliposikia milio watu walikimbia, na mdogo wangu akarudi mara moja kwenye mfereji kufunga maji, maana maji yalikuwa yanaelekea pale walipolaza mpunga uliokatwa. Risasi haikuwa ya mtu. Ilikuwa inapita tu. Muke alimkuta ameanguka na jembe lake, na maji ameyafunga.

Walimpima urefu na tete la palepale mferejini, wakachimba kwenye migomba, wakamfunga kwenye mkeka. Sanduku, nani angelipata wapi.

"Nimemuweka upande wa kuume," akasema. "Upande wa kushoto nimeacha."

Baadaye, watu wa mtaa walipokuja kukaa matanga, nilimsikia mmoja, mtu tunayesali naye, akimnong'oneza mwenzake: "Mzee analilia ndugu, ao analilia figo?" Alidhani ugonjwa umeniziba masikio.

Nikamjibu kutoka pale nilipoegemea. "Nalilia vyote viwili. Kama weye ungeweza kuvitenganisha, njoo unionyeshe ulivyokata."

Akainamisha uso. Simlaumu. Alisema kile ambacho kila mtu alikuwa anafikiri, na minye mwenyewe, nikifunga macho, nilimwona mdogo wangu, halafu nikaona mafigo mawili mazima yakiingia udongoni, halafu nikamwona tena yeye. Sikuweza kuchagua nimuone nani kwanza. Hiyo ndiyo kweli, na anayesema angelia kwa usafi zaidi hajawahi kungoja kitu kilichokaa ndani ya mwili wa mtu anayempenda.

Shangazi na shemeji walibaki kwangu. Muke wa mdogo wangu akachukua jiko. Alichemsha sombe mara tatu badala ya mbili, akasema mara mbili ni kwa wagonjwa wenye mpaka uliofunguliwa. Ule mpunga aliutwanga kwa mikono kwenye kinu, hapo uani kwangu, minye niliyewahi kukoboa mpunga wa bonde zima. Nilikula mchele wa mdogo wangu kijiko kwa kijiko. Ulikuwa mchele mzuri. Ulikuwa umenyweshwa vizuri.

Mpaka ulipofunguliwa walinivusha nimeshikiliwa huku na huku. Kule dialize, kwenye kitanda cha pembeni, pale alipokuwa analala mama mmoja wa Gatumba aliyezoea kuniomba habari za Kongo, kulikuwa na mtu mwingine. Sikuuliza. Kule hatuulizi.

Daktari alifurahi kuniona. Alifungua faili yangu, akasema kila kitu kimekamilika, kule India wamejibu. "Na ndugu yako? Yuko tayari?"

"Amekwisha kuzikwa."

Aliweka kalamu chini. Ni kijana, anaweza kuwa mtoto wangu. Baadaye akauliza kama kuna ndugu mwingine. Nikamwambia mama yetu alizaa wawili. Akafunga faili, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, palepale panapovuma, akaushikilia mpaka muuguzi akaja na sindano.

Pesa za India zimekuwa pesa za dialize. Zikiisha, zimeisha. Najua hesabu yangu na sitaki mtu anihesabie.

Barabara ya bondeni ilipotulia kidogo, muke wa mdogo wangu na shangazi walirudi Kiringye. Nilingoja siku inayofuata ile ya mashine, ambayo ndiyo siku yangu ya nguvu, nikakodi lori dogo, nikapakia karo zote, simenti na fundi. Majirani wakasimama wakitazama. Miaka mingi walikuwa wameziona zikiningoja pale chini ya turubai.

Kaburi lilikuwa tuta tu la udongo, na msalaba wa mti. Fundi alianza kupima. Shemeji yangu alinipeleka pembeni.

"Shemeji, usijisumbue juu ya lile neno. Neno lilikuwa la figo. Figo haikutoka. Yuko humu mzima, na zote mbili. Hatukudai. Nenda ukalale kwako, kwenye udongo wako ulionunua."

Alisema kwa heshima, na alikuwa ananifungua kweli. Nilipata kile nilichokitaka siku ile tulipobishana.

"Neno lilinywewa," nikasema.

"Lilinywewa juu ya figo."

"Minye sikunywa figo. Nilikunywa kasiksi kwenye mrija alioumenya yeye. Unajua tone moja kwangu lilikuwa kitu gani?"

Akalitazama tuta. Kisha akasema: "Alinieleza. Alisema ulifunga macho."

Nikamwambia fundi atengeneze kitanda cha watu wawili. Upande wa kuume abandike. Upande wa kushoto aache udongo, na karo zinazobaki ziwekwe ndani kwa shemeji, chini ya kitanda chake. Fundi akauliza aache upana na urefu gani. Nikashuka mferejini, nikakata tete moja.

"Weye, baba," shangazi akaita kutoka kwenye mkeka wake. "Mtu mwenye pumzi hapimwi na tete."

"Shangazi, kule ng'ambo nimepimwa kila kitu. Hili ndilo limebaki."

Nikalala pale kando yake, chali, polepole, kwa mkono mmoja. Unyevu wa udongo uliingia kwenye shati. Juu yangu yalikuwa majani ya migomba, yamechanika na upepo. Fundi aliweka tete kuanzia kisigino mpaka utosini, akalivunja hapo.

"Sogea kidogo kwake," akasema shemeji. "Hapo uko juu ya mzizi, utakusumbua."

Nikasogea. Mkono wangu ulikuwa unavuma kama kawaida. Nikaubandika kwenye lile tuta kabla halijafunikwa na simenti, nikauacha hapo, maana yeye ndiye alikuwa anapenda kuusikiliza.

"Amuka sasa, shemeji," akasema yule mwanamke baada ya muda, akinishika kwapani. "Lori linarudi. Na kesho kutwa ni siku ya mashine."

Nikaamka.